Upande Mtupu wa Sahani

Shefu wetu alikuwa anachora chakula kabla ya kukipika. Sitanii. Majira yalipokaribia kubadilika aliketi siku nzima kwenye meza ya dirishani, na kibati cha rangi za maji na glasi ya kuoshea brashi, akachora sahani moja baada ya nyingine: duara jeupe, doa la kijani hapa, mstari wa zambarau pale. Kisha alizibandika karatasi zile ukutani, juu ya meza ya kupangia sahani, nasi tukapika kilichochorwa. Karoti ikiiva na rangi tofauti na ile ya karatasi, aliyekosea ni karoti. Nimeona kwa macho yangu sufuria nzima ya karoti nzuri ikimwagwa kwa kosa hilo.

Ulikuwa mgahawa mdogo wa Kifaransa, upande wa bandari ya Sydney, mahali ambapo wateja waliongea kwa sauti ya chini hata wakiagiza maji. Mimi natoka Nakuru, ambako majira ni mawili: mvua imekuja, au mvua imekataa. Pale mgahawani nilifundishwa majira manne, tena ya Kifaransa yaliyogeuzwa miguu juu kichwa chini, kwa sababu mwezi wa tisa, Wafaransa wakiwa wanaaga joto, sisi Sydney tulikuwa tunapamba sahani kwa maua. Shefu alisema mteja lazima ayaone majira kabla hajayaonja. Nilikuja Australia kusomea mapishi, nikaanzia kwenye vitunguu, na baada ya miaka miwili na ushee nikapandishwa hadi meza ya kupangia. Unasimama umeinama, kibano mkononi, unaweka majani matatu juu ya kipande cha samaki, unafuta ukingo wa sahani kwa kitambaa chenye siki, na pumzi umeibana. Niliipenda kazi ile. Niseme hivyo mapema, maana mengine yote yametokana na hapo.

Nilipomweleza mama yangu kwa simu, aliuliza, "Na hao watu wanashiba?"

"Hawaji kushiba, Mum."

Akataka kujua kama bado naenda kanisani.

Kwenye sinki la vyombo alikuwepo mama mmoja wa Bukavu, mtu wa makamo, mnene wa mabega, mwenye kicheko cha ghafla. Alikuja Australia kama mkimbizi, kupitia kambi ya Kigoma, na aliishi Minto na watoto wake wawili wadogo, ambao aliwasemesha Kiswahili wakamjibu Kiingereza. Binti yake mkubwa alibaki kambini, kwa sababu faili lake lilitenganishwa na la mama yake pale alipokuwa mtu mzima. Kila alipopata mtu wa kumsikiliza alianza na huyo binti: amefikia hatua gani, amepimwa kifua, amepigwa picha, amehojiwa tena.

Mama huyu alikuwa mtu pekee jikoni aliyejua Kifaransa. Alisomeshwa na masista. Siku yake ya kwanza alimsalimia shefu kwa Kifaransa kilichonyooka, akamuuliza na habari za familia yake. Shefu, aliyekaa Ufaransa miaka mitatu na kuchora majira yake kwa Kifaransa, aliiva masikio. Kifaransa chake kilikuwa cha sufuria: angeweza kukutajia sosi thelathini, lakini kuulizwa amelalaje hakuweza kujibu. Alijibu kwa Kiingereza, kwa haraka, akaondoka. Tangu siku ile mama akakikunja Kifaransa chake. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, kwa hiyo ikawa mimi ndiye mdomo wake. Shefu akitaka kumwambia kitu aliniita, na yeye akitaka kitu alinivuta mkono.

Aliniita binti yangu. Mimi nilimwita mama tu, bila kuongeza kitu. Niliishi Granville katika chumba cha kupanga, kwa nesi mmoja Mkenya aliyekuwa kazini muda wote, na nilikuwa mpweke kuliko nilivyokubali. Jumapili nilipanda treni hadi Minto, nikala kwake, nikaondoka na kopo la aiskrimu lililojaa sombe, kisamvu cha kwao. Hakuwahi kuniacha nivuke mlango bila kopo lile. Hata siku tuliyokosana kidogo, alinifuata nalo hadi kituoni.

Mwanzoni mwa mwaka ule wa korona karatasi za binti yake zilitimia. Tiketi ilitoka, ya mwezi wa nne. Mama alinunua kitanda, akanunua blanketi zito, maana binti angefika baridi ikiwa inaanza. Mwezi wa tatu mipaka ikafungwa. Tiketi ikafutwa kwa ujumbe wa mistari miwili, ambao mtoto wake mdogo alimsomea akiwa amesimama jikoni na mkate mdomoni. Mgahawa nao ukafungwa. Kitanda kikabaki kimetandikwa.

Tulirudi kazini mwezi wa sita. Meza zilikuwa chache, wateja walikaa mbalimbali, na sisi tulivaa barakoa zilizotufanya tuonje chakula kwa kuiba. Saa kumi alasiri, kabla ya wateja, wafanyakazi tulikula. Chakula chetu kilikuwa masalio: ncha za vitunguu vya liki, maganda ya kiazi sukari chekundu yaliyokaushwa yakawa meusi, viazi vilivyopondwa, mkia wa samaki. Kila mtu alijitwalia sahani na kona yake, kwa sababu ya masharti. Hapo ndipo nilipoanza kuona mama anavyojipakulia.

Alichukua sahani ya udongo mweusi iliyomeguka ukingo, ambayo haikufaa tena kwa wateja. Alipanga chakula chake chote upande wa kulia. Viazi chini, samaki juu yake, maganda yale meusi yamesimamishwa kando kando kama ukuta, majani ya liki yamelazwa mwisho. Katikati ya sahani pakawa na mpaka ulionyooka kabisa, na upande wa kushoto hapakuwa na kitu, hata tone la mchuzi. Alifanya hivyo kila siku, bila haraka, huku maji yakimdondoka viwikoni.

Siku moja nilimuuliza, "Huko ni kwa nani?"

"Si unajua," alisema. "Kule ni kwa mutoto wangu. Batu banaweza kufunga njia, hawawezi kufunga sahani yangu."

Nilijua, na hilo ndilo linaloniuma. Nani aliyekulia kwenye sinia asijue? Tulikula sita kwenye sinia moja nyumbani kwa nyanya yangu, kila mtoto na upande wake mbele yake. Ukivuka mpaka unapigwa kofi la mkono. Na mmoja akiwa hayupo, ametumwa au anaumwa, upande wake hauguswi, hata ukali wa njaa uweje. Mnakula mnauzunguka. Akirudi anaukuta umesimama vile vile, na ukuta wake wa ugali. Yule mama hakuwa na sinia wala watu wa kulizunguka, kwa hiyo alikuwa anakula peke yake kwa adabu ya watu wengi. Chakula chenyewe hakikutosha kugawa, basi aligawa nafasi.

Alasiri moja ya mwezi wa saba alishapakua, ndipo sufuria kubwa ikaungua akaitwa. Aliniambia nimshikie sahani isije ikaangushwa. Nilikuwa nimesimama nayo chini ya taa ya meza ya kupangia shefu alipopita. Alirudi nyuma hatua moja. Aliinama, akaizunguka, akatoa simu akaipiga picha kutoka juu.

"Hatimaye," alisema. "Hatimaye umeelewa. Huu ni msimu wa baridi wenyewe. Shamba limevunwa nusu, nusu limebaki tupu. Miaka yote natafuta hii sahani."

Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema si mimi. Ningesema hata kwa kidole, kwa kuelekeza sinki. Nikasema, "Asante, Shefu."

Sikukaa na uongo ule peke yangu muda mrefu. Mama aliporudi nilimpa sahani yake nikamweleza yote palepale, nusu nikicheka. Nilitegemea atakasirika. Alicheka kile kicheko chake.

"Acha, binti yangu. Sahani ni sahani. Lakini sasa anakusikia wewe. Umwambie anitoe mu maji. Aniweke pale mezani, hata nipange majani tu. Ona."

Alivua glavu akanionyesha mikono. Ngozi ya vidole ilikuwa imepasuka kwenye viungo vyote, mipasuko mingine ikiwa na damu mbichi. Dawa ya kuoshea vyombo iliingia ndani ya glavu ikakaa humo saa nane kwa siku. Nilimshika mikono yote miwili nikamwahidi. Nilisema kesho. Na nilimaanisha, kwa jinsi mtu anavyomaanisha akiwa ameshika mikono ya mwenzake.

Kesho yake shefu alikuwa ameshaichora. Sahani nyeusi, nusu imejaa, nusu tupu. Aliagiza sahani mpya za udongo mweusi kwa mfinyanzi, zisizomeguka ukingo. Ikawa sahani kuu ya menyu ya baridi, na mimi ndiye niliyeipanga, kila meza, kila siku. Gazeti moja lilikuja kula, likasifia utupu ule kwa maneno ambayo ilibidi niyatafute kwenye kamusi. Wateja waliniita mezani wanipongeze. Mmoja aliniuliza kama nafasi ile inawakilisha upweke wa wakati wetu. Nikamjibu ndiyo. Ningemjibu nini?

Na kila nilipotaka kumwambia shefu habari za mama, niliona wazi mambo yatakavyokwenda. Atasimama mezani mara moja, atapanga sahani moja tu, na shefu, ambaye hakuwa mjinga wa macho, ataujua ule mkono. Basi nikawa nasema wiki ijayo. Roster ya zamu imeshatoka. Shefu ana hasira leo. Mama alikubali kila sababu. Mwisho aliacha kuuliza, akawa ananitazama tu nikipita, na mimi nikawa napita upande wa friji. Jumapili nazo zikaanza kunikuta na kazi za kujitungia. Nilikuwa namkasirikia. Mtu akikudai neno moja kila siku kwa macho, utamchukia tu, hata kama yeye ndiye mwenye haki.

Mwaka uliofuata, baridi nyingine, jiji likafungwa tena, safari hii kwa muda mrefu. Sisi wa mitaa ya magharibi tukawekewa masharti yetu ya peke yetu: kibali kwenye simu, kupimwa pua kila baada ya siku chache, helikopta ya polisi juu ya mapaa ya Granville ikitukagua tukianika nguo. Mgahawa ukaanza kuuza chakula kwenye maboksi. Mteja anapelekewa vyakula vimefungwa kimoja kimoja, na kadi yenye picha inayomwelekeza jinsi ya kuvipanga mezani kwake, ili asikose kuona majira. Kazi ikapungua. Wapishi wanaoishi karibu walitosha kupika na kufunga. Akabaki mtu mmoja wa kuchaguliwa: wa kupanga sahani za picha, na kuwaelekeza wateja kwa video.

Shefu alituita mimi na mama, asubuhi, jikoni kukiwa kweupe na kimya. Tulisimama mbalimbali kama sheria ilivyotaka.

"Ninaweza kumwandikia barua ya kibali mmoja wenu tu," alisema. Aliponitazama nilijua anakuja na jambo. "Wewe umefanya vizuri. Lakini nimekuwa namwangalia anavyojipakulia chakula chake. Ana mkono ambao sijauona kwa mtu yeyote hapa. Ningependa kumjaribu. Wewe ungepumzika, tukifungua utarudi. Muulize kama anaweza kuja kila siku kutoka Minto."

Nataka niseme nilifikiri mengi. Viza yangu ilitegemea kazi ile, hilo ni kweli. Yeye alikuwa na ukaazi na mimi sikuwa nao, hilo pia ni kweli, na nimejiambia mara nyingi sana. Lakini pale pale sikufikiria viza. Nilifikiria ile meza. Nilimwona amesimama mahali pangu, chini ya taa yangu, na shefu amesimama nyuma yake akibana pumzi.

Nilimgeukia mama nikasema, "Anauliza kama unaweza kukaa nyumbani kidogo, mpaka hii lockdown iishe."

Alinitazama. Barakoa ilikuwa imefunika uso wake wote, nikabaki na macho tu, na macho yake hayakupepesa.

"Umwambie naweza kuja," alisema polepole. "Kila siku. Hata na miguu."

Alikuwa amesikia. Kiingereza chake cha kubahatisha kilikuwa kimekua wakati sisi sote tumeacha kukisikiliza. Alijibu swali la shefu, akauweka uongo wangu chini kwa upole, akanipa nafasi ya kuokota. Shefu alikuwa akingoja jibu. Nikamwambia, kwa Kiingereza kizuri, kwamba mama anashukuru sana, ila Minto ni mbali na ana watoto, hataweza.

Angeweza kusema mwenyewe. Alikuwa na neno "yes" kama mtu mwingine yeyote, na alikuwa na Kifaransa kizima ambacho kingemtia shefu adabu. Sijui kwa nini hakusema. Siku zingine nadhani aliona aibu kwa ajili yangu. Alivua glavu, akazining'iniza kwenye msumari wake, akafuta sinki ambalo tayari lilikuwa safi. Shefu alimgusa bega kwa kiwiko, salamu za wakati ule, akamwambia tutaonana. Mama akaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa. Mimi hakuniaga.

Nilipanga sahani za picha miezi yote ile. Nilishinda. Kadi ya sahani ya baridi niliiandika mimi mwenyewe, shefu akairekebisha koma: weka kila kitu upande wa kulia, nyoosha mpaka kwa nyuma ya kijiko, upande wa kushoto uache mtupu. Wateja walituma picha zao. Jikoni kwa watu matajiri, kwenye meza za marumaru, kwenye balkoni zinazotazama bahari, watu waliofungiwa ndani walikuwa wanamwachia nafasi msichana wa Kigoma wasiyemjua, kisha wanapiga picha na kula. Nilizipokea picha zile kila alasiri, na kazi yangu ilikuwa kuzijibu. Niliwaandikia: hongera, umepatia kabisa.

Kwa watu wa kanisani nikasikia mama ameingia ghala moja Wetherill Park, anafunga bidhaa kwenye katoni, amesimama tangu asubuhi. Angalau hakuna maji, nikajiambia. Nilimtumia ujumbe wa kumjulia hali. Alinijibu, "Mungu ni mwema." Nikatuma mwingine. Ukaonekana umesomwa.

Jiji lilipofunguliwa shefu aliandaa maonyesho. Picha za sahani zake za majira yote manne zilikuzwa, zikatiwa fremu, zikatundikwa kwenye chumba cheupe, na watu wakapita na glasi mikononi. Sahani ya baridi ilipewa ukuta mzima. Pembeni mwa picha ulionekana mkono ukifuta ukingo kwa kitambaa. Ulikuwa mkono wangu, ninaujua kwa kovu la kisu. Niliinama kusoma karatasi iliyo chini yake. Palikuwa na jina la shefu, la mpiga picha na la mfinyanzi.

Nilipandwa na hasira. Nilimwendea shefu katikati ya wageni wake nikamuuliza jina langu liko wapi. Alishangaa kwa dhati, akaniambia kwa upole kwamba mchoro ni wake, mimi nilitekeleza. Nikafungua mdomo kumkumbusha nani hasa aliyeianza sahani ile, siku ile, chini ya taa. Jina lililonijia mdomoni halikuwa langu. Nikaenda chooni nikakaa humo hadi watu walipopungua.

Binti alifika mwanzoni mwa mwaka uliofuata, mipaka ilipofunguliwa. Ujumbe ulipita kwenye kundi la kanisa: Jumamosi, Minto, watu wote mnakaribishwa kumpokea mutoto wetu. Sikualikwa peke yangu wala sikukatazwa. Nilinunua keki nikapanda treni. Njiani niliyapanga maneno yangu vizuri. Ningemwita kando, ningepiga magoti kama ikibidi, ningesema yote bila kujitetea.

Nyumba ilikuwa imejaa hadi uani, nyimbo, watoto, viatu vingi mlangoni. Binti alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa kitenge kipya, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kigoma kabisa. Mama alikuwa amemshika kiuno kana kwamba kuna mtu wa kumnyang'anya. Aliponiona alikuja mwenyewe kunipokea keki. "Karibu," alisema. "Asante kwa kufika." Nikaanza, "Mama, naomba nikuambie," naye akasema, "Kwanza tule," akageuka.

Masinia yalitandazwa kwenye mikeka: bukari, ugali wa kwao, iliyofuka moshi, sombe, samaki, kuku. Niliosha mikono na wengine. Kwenye sinia la nyumbani, mama na watoto wake, palikuwa na pengo kando ya binti. Nilipandisha sketi kidogo ili niketi.

"Hapana, Madame," mama alisema. "Wewe nimekutengea kule."

Dirishani kulikuwa na meza ndogo na kiti kimoja. Juu yake sahani nyeupe, uma na kisu vimefungwa ndani ya kitambaa cha karatasi. Sahani ilijazwa hadi ukingoni pande zote. Nilitafuta mahali pa wazi kwa macho, kwa mazoea ya kazi, sikuona hata pa kuweka kidole.

"Korona haiyaisha," alieleza, mbele ya watu, kwa heshima tupu. Watu wazima zaidi ya ishirini walikuwa wameshaingiza mikono kwenye masinia. Hakuna aliyecheka. Walidhani ananitukuza.

Nilikaa. Kutoka pale niliona sinia lao vizuri. Binti alimaliza upande wake haraka, akavuka mpaka, akachota kwa mama yake, na mama, badala ya kumpiga mkono, akamsukumia kipande cha samaki. Waliendelea hivyo hadi sinia likawa halina pande.

"Mama, yule dada ni nani?" nilimsikia binti akiuliza.

"Ni mutu wa kazi ile ya zamani," mama alijibu bila kugeuka. "Anajua sana kupanga sahani."

Nilikula yote. Chakula kilikuwa kingi mno, kilinikwama, nilikishushia maji nikaendelea, kwa sababu kubakiza kungekuwa tusi jingine juu ya yale niliyomtendea. Nilipomaliza nilijikuta nafuta ukingo kwa kitambaa. Mama alinisindikiza mlangoni, akanishika mkono, kiganja chake kimepona, kigumu na kikavu. Yale maneno niliyoyapanga treni nzima yalikuwa yamelala mahali fulani chini ya bukari. Nilivaa viatu polepole, nikajifanya kamba zinanisumbua, nikisubiri alete kopo la sombe. Alinitakia safari njema akafunga mlango.